Waraka kwa Ndugu Yetu Anayetuuzia Mababu

Kwako ndugu yetu uliyeko ughaibuni, mtafutaji wa asili za watu.

Nakuandikia kutoka Lushoto. Tangazo lako limetufikia, maana limezunguka katika makundi ya simu ya koo zetu, kuanzia Mlalo hadi Bumbuli na kuanzia Soni hadi Mtae. Wazee wa ukoo wetu wameniomba nikujibu kwa kuwa mimi ndiye ninayetunza daftari la michango. Nakujibu hadharani. Tangazo ulilitoa hadharani, na waliokutumia fedha si wa nyumba moja. Jina lako silitaji. Wanaokujua wanakujua.

Kwanza nikupe haki yako. Umeiona kiu ambayo wengi wetu tunaona haya kuisema. Kijana wa hapa ukimwuliza jina la baba wa babu yake atalitaja. Mwulize huyo mzee alikuwa wapi mwaka 1905, reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo, au mwaka 1916, Waingereza walipouchukua mji huu uliokuwa ukiitwa Wilhelmstal, atanyamaza. Waliokuwa wakijua wametangulia mbele ya haki. Sehemu kubwa ya kilichoandikwa iliandikwa na wageni, na wageni walipoondoka waliondoka na daftari zao. Misionari Johann Ludwig Krapf alipanda hadi Vuga kwa mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852. Wavumbuzi Burton na Speke walifika mwaka 1857. Wamisionari wa Bethel walianza kazi Mlalo mwaka 1891, wakapaita Hohenfriedeberg, na majina ya waliowabatiza wakayatia vitabuni. Serikali ya Kijerumani nayo iliandika kodi na mashauri, na kuanzia mwaka 1907 ikaleta kadi ya kazi, iliyomlazimisha mwanaume wa wilaya hii kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi 4. Mtu anayetaka kujua kama babu yake aliibeba kadi ile hatafuti anasa. Anatafuta sehemu ya mwili wake.

Kwa hiyo sikulaumu kwa kuuza huduma. Kusoma mwandiko wa Kijerumani wa zamani, ule wenye herufi zilizoinama na kukatika, ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawauwezi, ni ufundi unaostahili ujira. Kusafiri kwenda kukaa siku nzima ukifunua majalada ni kazi. Tungekulipa kwa moyo mweupe kama hiyo ndiyo ingekuwa kazi uliyoifanya.

Tangazo lako linasema mambo manne. Una mtu wako ndani ya hifadhi ya nyaraka ya Berlin. Kila ukoo wa Usambara una jalada lake humo. Malipo ni shilingi laki tatu kwa kila jina. Hifadhi inafungwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo atakayechelewa asimlaumu mtu. Kisha inafuata namba ya simu ya kutumia fedha, na tulipoingiza namba hiyo lilitokea jina ambalo si lako wala la mtu yeyote uliyewahi kumtaja. Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupokea ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Ujumbe wako umeandikwa kwa lugha nzuri zaidi, una picha ya jengo lenye nguzo kubwa, na umewataja mababu. Njia ya fedha ni ile ile.

Yapo majina katika daftari langu ambayo kila nikiyaona moyo unaniuma. Mama mmoja alitoa akiba ya kikoba. Mzee wa Rangwi alitoa fedha za viazi alivyopakia kwenye lori la Kariakoo, ambazo zilikuwa za mbolea ya msimu uliofuata. Hawakukupa kwa ujinga, naomba hilo usilifikirie hata kidogo. Walikupa kwa sababu uliwasalimia kwa Kishambaa, na kwetu mtu anayekusalimia kwa lugha ya nyumbani humwombi kitambulisho.

Sasa tuzitazame pamoja, kwa utulivu, karatasi tatu ulizotuma.

Ya kwanza ni ukurasa wa Kiingereza unaoelezea baraza la Kimweri. Umetoka katika kitabu cha safari cha Krapf kilichotolewa mwaka 1860. Hakimiliki yake imekwisha zamani, na mtu yeyote mwenye simu yenye intaneti anaweza kukisoma chote bila kulipa senti. Kumwuzia mtu ukurasa mmoja wa kitabu hicho kwa laki tatu, ukauita siri iliyotolewa Berlin, ni jambo ambalo ningependa ulieleze wewe mwenyewe mbele ya wazee.

Ya pili ni hati ya kuzaliwa. Ina tarehe ya mwaka 1911, juu imeandikwa “Lushoto, Tanganyika”, na chini kuna muhuri wa ada iliyolipwa kwa shilingi. Ndugu yangu, mwaka 1911 ofisi ya wilaya hapa iliandika Wilhelmstal. Nchi hii haikuwa Tanganyika. Jina hilo lilitangazwa na Waingereza mwaka 1920, baada ya vita. Na ada hailipwi kwa fedha ambayo haijazaliwa: Wajerumani walitumia rupia iliyogawanywa kwa heller 100, na shilingi ya Afrika Mashariki ikaja mwaka 1921. Aliyeitengeneza karatasi hii hakujua historia ya wilaya ambayo anadai kutuuzia. Nimewafundisha vijana wa ukoo mambo hayo matatu, yaani jina la mji, jina la nchi na jina la fedha, na sasa hata mtoto wa sekondari anaweza kuikagua hati yako kabla ya chai kupoa.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Ni hati ya ndoa ya mwaka 1910 kati ya mlowezi wa Kijerumani na bibi yetu mmoja, na uliitoza mara mbili kwa maelezo kwamba itawafungulia wajukuu mlango wa pasipoti. Mwaka 1906 serikali ya koloni la Deutsch-Ostafrika ilipiga marufuku ndoa kati ya Wazungu na Waafrika. Msajili wa serikali hakuruhusiwa kuzifungisha. Kwamba bibi yetu alizaa na mlowezi, hilo linajulikana, linasemwa, na halihitaji muhuri wako. Lakini umemtengenezea ndoa ambayo dola ile ilimnyima. Umechukua dhuluma aliyofanyiwa, ukaifuta kwa kompyuta, kisha ukawauzia wajukuu zake matumaini juu yake. Mmoja wa wajukuu hao angeweza kuipeleka karatasi hiyo ubalozini kwa nia safi, akajikuta yeye ndiye anayeulizwa kuhusu kughushi. Je, ulilifikiria hilo?

Nakuomba sasa unieleze namba za majalada. Karatasi iliyomo katika hifadhi yoyote ya heshima ina anwani yake. Kumbukumbu za Wizara ya Makoloni ya Ujerumani ziko katika Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani, Berlin-Lichterfelde, chini ya alama R 1001, na baada ya alama hiyo inafuata namba ya jalada na namba ya karatasi. Barua za Wizara ya Makoloni ya Uingereza kuhusu Tanganyika ziko Kew, London, chini ya CO 691. Majalada ya Kijerumani yaliyobaki nchini yako Dar es Salaam, na alama zake zinaanza na herufi G. Anayekuuzia karatasi bila namba ya jalada anakuuzia shamba bila kukuonyesha masale ya mpakani. Wewe hukutupa namba hata moja. Tulipouliza ukasema ni siri ya mtu wako wa ndani. Hifadhi za namna hiyo zimejengwa ili namba zijulikane, kwa sababu bila namba hata mhifadhi mwenyewe hawezi kukifikia kitu.

Wala hakuna jalada la kila ukoo. Dola ya Kijerumani haikutupanga kwa koo zetu. Ilitupanga kwa kodi, kwa shamba la mlowezi, kwa kesi, kwa kijiji cha jumbe. Mtu wetu akipatikana humo, hupatikana katikati ya mambo mengine: jina moja katika orodha ya vibarua, mstari mmoja katika ripoti ya misheni, labda shahidi katika shauri la ng'ombe. Mara nyingi hapatikani kabisa. Mtafutaji mwaminifu husema hivyo kabla ya kupokea fedha, na hulipwa kwa saa alizotafuta, apate au asipate. Anayeahidi kupata kabla hajafungua jalada ameshaamua atakachokipata.

Ulipokuwa ukitutajia mwisho wa mwezi, hukutuambia kwamba sehemu kubwa ya majalada ya R 1001 imepigwa picha na kuwekwa kwenye mtandao wa hifadhi yenyewe, na kuyatazama ni bure. Gazeti la Usambara-Post, lililochapwa Tanga na kusomwa na walowezi wa milima hii, linasomeka bure katika mkusanyo wa Maktaba ya Serikali ya Berlin. Picha za wamisionari wa Leipzig kule Kilimanjaro na Upare, kwa jirani zetu, zimewekwa wazi na Chuo Kikuu cha Southern California. Anayemtafuta ndugu aliyekufa katika vita vya 1914 hadi 1918 upande wa Waingereza anaweza kutafuta jina lake bila malipo katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ingawa tume hiyo yenyewe ilikiri katika ripoti ya mwaka 2021 kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika, wapagazi hasa, hawakuandikwa kwa majina yao. Na historia ya Wakilindi, ukoo wa Kimweri, iliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, ikachapwa na wamisionari wa Magila, ikatolewa tena Nairobi mwaka 1962. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Haya mazuri yote hayakuwa na mtu wa kuyatangaza katika makundi yetu ya simu. Ya kwako yalitangazwa usiku na mchana.

Yapo yanayolipiwa kihalali, na nataka wasomaji wa waraka huu waijue njia yake, kwa sababu wewe ulifaidika na kutokuijua kwao. Kule Kew, kukaa katika chumba cha kusomea ni bure. Ukitaka nakala ukiwa huku, hutozwa kwanza ada ya mfanyakazi kulifungua jalada na kuhesabu kurasa, kisha hupewa makisio ya nakala zenyewe, na unaweza kukataa. Kila hatua ina namba ya oda. Ukitaka mtu wa kukutafutia, hifadhi hiyo huchapisha orodha ya watafiti binafsi, nawe unaingia naye mkataba. Hifadhi ya Ujerumani hujibu barua, hukueleza kama utafutaji wake una ada, na hutoa ankara. Ankara ya taasisi ya serikali hubeba jina la taasisi, namba ya ankara na akaunti ya taasisi. Haibebi namba ya simu ya binamu wa mtu.

Huku kwetu, baadhi ya mitandao ya simu na benki sasa hutoa kadi ya kulipia mtandaoni ambayo unaitia kiasi kile tu unachotaka kutumia. Hiyo ndiyo salama kuliko zote kwa mtu wa kawaida: namba ya kadi ikiibwa, mwizi anakuta mfuko mtupu, na bidhaa isipofika unaweza kuiandikia benki yako kupinga malipo. Fedha iliyotumwa kwa namba ya simu haina mlango huo wa nyuma. Ukigundua mapema, piga simu kwa mtandao wako dakika ile ile, uombe muamala uzuiwe. Ikishatolewa kwa wakala imekwenda. Malipo ya benki kwa benki yanafaa kwa taasisi tu, na kabla ya kutuma linganisha jina la akaunti na jina lililo kwenye ankara. Ukipokea barua pepe inayosema akaunti imebadilika, usiijibu. Itafute namba ya simu ya taasisi katika tovuti yake mwenyewe, uulize kwa sauti yako. Na zile programu za kutafuta ukoo zinazokuambia ujaribu siku kadhaa bure zikishapewa kadi hukata kila mwezi mpaka uzizuie, kwa hiyo zipewe kadi isiyo na kitu.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika daftari langu sasa kuna safu ya “namba ya jalada” na safu ya “namba ya ankara”. Palipo tupu, shilingi haitoki.

Hapa niwageukie kidogo waheshimiwa wakuu wa hifadhi za Berlin, London na Wuppertal, kwa kuwa najua barua kama hii huwafikia. Waheshimiwa, mmefanya njia ya haki kuwa ngumu kuliko njia ya wizi. Ndugu yetu huyu anapokea fedha kwa Kiswahili, kwa simu ya kitufe, saa tano usiku. Ninyi mnataka fomu ya Kijerumani au Kiingereza, kadi ya benki na malipo kwa yuro au pauni, na gharama ya kutuma fedha kwa benki inaweza kuzidi bei ya nakala yenyewe. Wajukuu wa watu ambao majina yao yaliandikwa ili wafanyishwe kazi leo wanaambiwa walipie kuyaona. Nawashukuru kwa yale mliyoyaweka bure mtandaoni. Nawaomba muongeze mambo mawili: ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili, na namna ya kulipa ambayo mkulima wa Mlalo anaiweza. Mkishindwa la pili, msitoze nakala inayoombwa na mjukuu wa aliyeandikwa. Hasara yenu itakuwa ndogo sana, na vishoka watakosa soko ndani ya siku moja.

Narudi kwako ndugu yetu. Kitu kingine ambacho hukutuambia ni kwamba mlango wa karibu haukujaribiwa kabla ya kwenda mbali. Kumbukumbu za Misheni ya Bethel zinatunzwa Wuppertal, katika hifadhi ya Umoja wa Misheni ya Kiinjili. Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kilutheri, yenye makao yake hapa hapa Lushoto, ni mwanachama wa umoja huo huo. Barua ya usharika kupitia dayosisi inaanza njia yake ndani ya nyumba, na hakuna kishoka anayehitajika katikati. Mtu akaanze kwa mchungaji wake aulize vitabu vya ubatizo vilivyopo. Ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika milima hii, hawamo katika vitabu hivyo, nao uliwauzia “rekodi za misheni” hivyo hivyo. Kwao na kwa wote, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iko Upanga, Dar es Salaam, yenye majalada ya Wajerumani na ya Waingereza, yakiwamo ya utawala wa wilaya hii. Huko hulipwa kwa kontroli namba na risiti ya serikali. Nauli ya basi kwenda na kurudi, pamoja na chakula, ni ndogo kuliko bei yako ya jina moja.

Na kuna wale uliowaambia kuhusu malimbikizo ya mishahara ya askari. Hili limenisikitisha kwa namna ya pekee kwa sababu umechanganya kweli kidogo na uongo mwingi. Ni kweli kwamba mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha kuwalipa askari wa zamani wa jeshi la Kijerumani waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wengi walikuja bila karatasi yoyote, wakapewa ufagio mikononi na kuamriwa kwa Kijerumani kufanya mazoezi ya bunduki, na mwili ukakumbuka kile ambacho karatasi haikukihifadhi. Lakini malipo yale yalikuwa ya waliokuwa hai. Wajukuu uliowaandikisha mwaka huu, na kuwatoza “ada ya usajili”, uliwaandikisha katika kitu gani? Nyaraka nyingi za jeshi la Prussia ziliungua Potsdam kwa mabomu mwezi Aprili 1945; anayeahidi jalada kamili la askari aeleze kwanza lilinusurika vipi.

Pengine humjui Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, naye akatumika jeshini akiwa mtoto. Alikwenda Berlin mwishoni mwa miaka ya 1920, akaingia mwenyewe Wizara ya Mambo ya Nje kudai mishahara yake na ya baba yake. Walimjibu kwamba amechelewa. Alifundisha Kiswahili mjini humo, akaigiza katika filamu, na akafia katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Habari zake zinajulikana leo kwa sababu majalada ya madai yale yalibaki na watafiti wakayasoma ukurasa kwa ukurasa. Kazi kama ile ndiyo tuliyodhani unaifanya.

Sitaki kusahau vile vichupa vya mate. Ulianza hivi karibuni kukusanya mate ya wazee ili “kuyapeleka Ulaya yakalinganishwe na mafuvu”. Ni kweli kwamba Septemba 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kuwa vinasaba vimeunganisha mafuvu yaliyochukuliwa nchini na jamaa walio hai, mmojawapo akiwa ndugu wa mshauri wa Mangi Meli wa Moshi. Kazi ile ilifanywa na taasisi, kwa majina na anwani. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na Mkemia Mkuu wa Serikali ndiye wa kuulizwa kabla sampuli ya mtu haijavuka mpaka. Vichupa vya wazee wetu virudi.

Ningeweza kuishia polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inataja kughushi na kudanganya kwa kompyuta, na namba yako ya simu tayari imetumwa 15040 kama mamlaka ya mawasiliano inavyoelekeza. Baadhi ya vijana walitaka tuishie hapo. Wazee wamesema tukuandikie kwanza, kwa kuwa mama yako bado anaishi nasi na tunamheshimu.

Tunakuomba hivi. Urudishe fedha kwa kila aliyetuma, kwa namba ile ile aliyotumia, siyo kwa mkupuo kwa mtu mmoja. Orodha ninayo, nitakutumia ukiiomba. Ile hati ya ndoa uiandikie barua ya mkono wako kwamba si halali, ili wajukuu waiambatishe barua hiyo na kuifuta hati katika mafaili yao. Utujulishe kama uliwahi kuingia katika hifadhi yoyote, na kama uliingia, utupe namba za majalada uliyofungua, hata kama hukukuta kitu. Tutazithamini hizo namba kuliko hati zote tatu.

Ukifanya hayo, kazi ipo. Tuna kurasa kadhaa za R 1001 ambazo vijana wamezipakua bure, zinataja Wilhelmstal na majumbe wa huku, na hakuna hapa anayeweza kuusoma mwandiko wake. Kama kweli umejifunza kuusoma, tutakutumia kurasa mbili za kwanza, utusomee herufi kwa herufi kwa Kijerumani na kisha kwa Kiswahili, na mwalimu mmoja aliyesomea lugha hiyo ataipitia. Ikiwa sawa, tutakubaliana bei kwa ukurasa, kwa maandishi, kwa ankara yenye jina lako la kweli, na malipo yataingia katika akaunti yenye jina hilo hilo baada ya kila kurasa kumi. Jibu lako lije kwa katibu wa ukoo kabla ya mavuno ya viazi.

Wasalaam,
Mtunza daftari la ukoo, Lushoto

Nakala: wazee wa ukoo, mchungaji wa usharika, imamu wa msikiti wetu, kila aliyekutumia fedha.